Chunusi

Bibi akisema chunusi yumo majini,
humvuta mtoto mguu, akazama kimya.
Wangu alihamia usoni. Miaka sita.

Liwa, manjano, maji ya mpera.
Shangazi Mwanashaha akaniandikia kombe, nikanywa.
Mwisho daktari wa Chake akaandika yake:
kidonge kimoja usiku, na chakula cha mafuta.
Mama akazidisha tui.

Mwezi wa pili midomo ikapasuka,
nikajifunza kucheka kwa macho.
Mwezi wa tatu uso ukaanza kukunjuka,
moyo ukakunjamana;
nililia juu ya beseni la vyombo
kwa sababu kijiko kilianguka.

"Na roho, je?" daktari akauliza.
Nzima, nikasema.
Akaweka kalamu chini. Akangoja.
Si nzima.

Akapunguza dawa, akanipa namba yake:
"Piga hata usiku wa manane."

Leo, Wete, muuza vitambaa
kanitazama usoni
kisha akanitajia bei. Basi.
Nimetoka na mita tatu za buluu,
nikajigusa shavu: makovu,
kama mchanga maji yakishakupwa.

Mguu mmoja bado uko majini.
Nauvuta.