Viwashio vya Makota

Mwaka jana Makota alirudi kutoka msitu wa Angai
na madebe mawili ya asali, na homa.
Kibiriti alikiweka mfuko wa shati;
mvua iliingia mfukoni
kabla yeye hajaingia kambini.
Usiku wa tatu wakakoroga unga na maji ya mto, wakanywa.
Alijaribu kupekecha: ulindi viganjani,
ulimbombo chini ya unyayo, kama alivyosimuliwa.
Akapata malengelenge manne na harufu ya moshi.
Harufu tu.
"Mtu wa Lindi kushindwa na ulindi!" nilimwambia,
naye hakucheka.

Safari hii natengeneza mwenyewe.

Nta ni ya masega yale yale aliyoleta,
nimeichemsha, nimeichuja kwa kipande cha chandarua.
Kopo la maziwa ndani ya sufuria ya maji,
maana nta ikionana na moto uso kwa uso
hupandwa na wazimu. Nyusi zangu mashahidi.
Sufi nimeokota chini ya msufi wa shule,
nusu imeishia puani.
Maganda ya korosho nimeyaponda, si sana,
yabaki vipande, mafuta yasinywewe na kinu,
na kinu hicho hakitaona mpunga tena.
Vidole nilivipaka mafuta ya nazi kwanza.
Ganda la korosho halijui msamaha:
msimu ule wa kubangua lilinivua ngozi ya gumba
kama mtu anavyomenya muhogo wa kuchemsha.

Ikabaki nguo ya kufungia.

Sandukuni ilikuwamo kanga ya marehemu mama,
pindo limeliwa na mende, rangi ya bamia iliyolala.
UTANUNA SANA MWAKA HUU.
Aliinunua Nachingwea kwa ajili ya mtu mmoja tu,
akaivaa siku tatu mfululizo kwenda kisimani
saa ambayo mtu huyo naye huteka.
Nikashika mkasi. Nikauweka. Nikaushika.

Vipande ishirini na vinne,
vingine maua matupu, vingine vimebeba neno.
Sufi katikati, ganda juu yake, fundo,
kisha kuzamisha kwenye nta, mara mbili.
Kimoja nilikilaza ndani ya ndoo ya maji usiku kucha.
Asubuhi, njiti moja:
kikatema mate, kikafikiri, kikawaka
hadi chai ya watu wawili ikachemka.

"Moshi wake mkali," nilimwonya Makota.
"Subiri kuni zishike, ganda liishe, ndipo uinjike."
Akachukua ishirini. Akanusa kimoja.
"Kinanuka mama," akasema, akafunga mkoba haraka.

Juzi mvua imeanza alfajiri, haina haya.
Bi Nampoto akabisha hodi, kigae mkononi,
kuomba moto, kama zamani;
kibiriti chake kimekuwa uji.
Yeye ndiye. Yule wa kisimani.
Kwangu hapakuwa na kaa hata moja,
nikampa kiwashio.

Akakigeuza kwenye mwanga wa mlango.
Chini ya nta herufi zilionekana kama samaki kwenye dimbwi:
NUNA.
Alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Kanga hii," akasema, "ilininyima usingizi miezi miwili.
Nikanunua yangu ya kumjibu.
Kabla sijaivaa, akaugua."

"Ipo?"

"Ipo. Ina mkunjo wa dukani bado."

Sikuuliza imeandikwaje.
Nilimwambia Makota anarudi mwezi ujao,
na vya kwanza vitakuwa vimekwisha,
na nta ninayo, na ganda ninalo.

Hakujibu. Akakiweka kiwashio kwenye kigae,
akatoka mvuani amekikinga kwa kiganja,
kana kwamba tayari kinawaka.