Shilingi Moja

Mtambo namba saba, wa kufuma mablanketi,
ulishuka Barabara ya Pugu mwaka sitini na tisa.
Bi Mushumbusi akauandika kwa wino wa buluu:
bei, nauli, ushuru wa bandari.
Kila Juni akaupunguza thamani
kama anayemnyoa mtoto, wembe mbali na sikio.

Mameneja walipita. Mwaka wa hasara
mmoja alimletea soda, akafunga mlango.
Soda ikapata joto mezani.
Sifuri haikuongezwa.

Leo pale panauzwa vigae.
Mtambo uliondoka kwa kilo, chuma chakavu,
ila kwenye leja bado upo: shilingi moja.
"Usiufute, Kasimba," aliniambia.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na daftari bila mali?
Ninalo, Temeke, chini ya kitanda.