Ha, Hu, Hi

Ba-be-bi-bo-bu tuliimba Hombolo, darasa la bati lililotoboka.
Miaka kumi na mitano baadaye, mlimani chuo kikuu,
Bi Tigisti akaandika ubaoni ha, hu, hi,
nikacheka peke yangu:
nimerudi chekechea na ndevu zangu.

Pembe ya Afrika: Historia, Siasa na Lugha.
Ndivyo cheti kitakavyosomeka.
Baba, mwenye ekari moja na nusu ya zabibu, aliuliza mara moja tu:
"Pembe? Ya ng'ombe gani?"
Kisha akalipa ada.

Nikasoma wafalme kwa tarehe zao,
mkataba uliosema hili kwa lugha hii na lile kwa lugha ile,
mpaka uliochorwa na mtu asiyejua kisima kiko upande gani.
Upepo wa Ng'ong'ona ukamwaga vumbi juu ya herufi,
nikafuta kwa kiwiko, nikaendelea.
Historia, A. Matamshi, C.

Julai, simu kutoka kituoni:
"Wewe ndiye unayesoma Kihabeshi?"
Lori la mbao lilikuwa limekamatwa,
na katikati ya mbao, watu.
Nikaazima shati la kaka. Nikabeba kamusi.
Njiani nikayarudia maneno mazito:
mamlaka, ushahidi, uhamiaji.

Wa kwanza alikuwa rika la mdogo wangu Ndahani,
midomo imepasuka kama mbuga mwezi wa Oktoba.
Akasema: wuha.
Nami, mwenye A yangu,
ulimi ukanikimbilia nyumbani kwa Wagogo.
"Anasema malenga," nikamwambia askari.
Askari, mtu wa Tanga, akakunja uso:
"Mshairi?"
"Maji, afande. Anataka maji."

Alikunywa vikombe vinne.
Nikamsifia Kiamhara chake, kitamu kuliko changu.
Akatikisa kichwa.
Hicho, alisema polepole ili nimfuate,
nilifundishwa shuleni, kwa fimbo.
Mama hakijui.

Akanitajia lugha ya mama yake.
Niliitafuta baadaye katika kitabu cha kozi, kurasa mia nne:
mstari mmoja,
ndani ya mabano.

Lakini pale mezani akaanza kusema kwa lugha hiyo,
haraka, macho yakiwa dirishani,
kama mtu anayezungumza na mtu aliyepo.
Karani akainua kalamu. "Amesema nini?"
Sikujua.
Nikamwomba subira,
neno ambalo kwa Kiamhara nalitamka sawasawa:
ni jina la mwalimu wangu.