Mwaka wa Vichwa Vitupu

Mwendo wa saa kumi kutoka Bremen,
Mareike akitapika mara mbili kwenye kona za mlima,
kwa kuwa tulimwahidi: utawaona ng'ombe
wakishuka kutoka malisho ya juu
na mataji ya maua, na vioo,
na kengele kubwa kama sufuria za arusi.

Notburga mwenye nyumba alitupokea kama kila mwaka:
matonge ya mkate ndani ya mchuzi,
chumba kilekile chenye harufu ya msonobari.
Kuhusu ng'ombe hakusema neno.

Jumamosi kijiji kizima kilisimama kando ya barabara.
Hatukusikia kengele.
Kwato tu, kwato juu ya lami,
ng'ombe thelathini na mmoja, vichwa vitupu,
na mwanawe Vitus mbele yao, kofia mkononi.

"Maua yako wapi?"
Mtoto wangu hajui kunong'ona. Nikamfinya.

Notburga akachuchumaa, magoti yakamlia.
"Mwezi wa nane radi ilimuua Schecke, kule juu.
Akifa mmoja, wenzake hawapambwi.
Ndivyo tunavyomhesabu."

Nilidhani Mareike atanuna.
Akafungua utepe mwekundu nywelani,
nikasema moyoni, haya, sasa atamvika ng'ombe.
Hapana. Akaukunja, akautia mfukoni,
akawafuata hadi zizini
nywele zikimfunika macho.

Picha niliyorudi nayo ni moja,
tena imetikisika:
mkia, tope, kisogo cha mtoto.