Dola Arobaini na Moja

Niliinunua Oktoba, Toledo, Ohio,
nyumba ya mbao yenye milango miwili ya mbele:
mmoja wangu, mmoja wa mpangaji.
Dalali, Bwana Prentiss Gaul, alivaa viatu vya kung'aa
na hakushuka ngazi za ghala la chini hata mara moja.
"Nyumba imara," akasema, akiupiga ukuta kofi
kama muuza ng'ombe sokoni.

Maswali nilikuwa nayo, ila yote ya daftari.
Nitangulize kiasi gani? Riba itapanda?
Ninunue kwa jina langu, au la kampuni?
Mwaka mzima, zamu za usiku hospitalini,
nikimgeuza mgonjwa ubavu huu,
nikiigeuza hesabu ubavu ule.
Mama yangu Halina, mpangaji wa miaka arobaini,
aliniuliza moja tu:
"Renata, choo kikifurika saa nane usiku,
atapigiwa nani simu?"
Nikacheka.
Nyumba njema si mlango. Mimi nilinunua miwili.

Hesabu niliibandika kwenye friji.
Pango, mia nane na hamsini.
Benki, mia tano kumi na mbili.
Kodi ya jiji, mia arobaini na tatu. Bima, tisini na sita.
Maji, hamsini na nane.
Baki: arobaini na moja.
Nikaizungushia kalamu nyekundu,
kama mwalimu aonapo kosa,
ila mimi nilikuwa nashangilia.

Januari boila ikakata roho.
Nje barafu imening'inia kama meno,
fundi kwenye simu anataja elfu tatu na mia sita
hata jina langu hajaliuliza.
Nikagawanya kwa arobaini na moja.
Miezi themanini na saba na ushei.
Na Latrelle Boggs wa chini, mwoka mikate,
Desemba hajalipa.

Barua nilikwisha iandika. Siku tatu, uhame;
sheria inaruhusu.
Ilikuwa mfukoni mwa koti nilipobisha hodi.

Alifungua, blanketi mabegani, tochi mkononi.
"Ngazi ya nne imeoza," akasema. "Kanyaga pembeni."

Miezi mitatu nina hati,
na ngazi ya nne siijui.

Akanimulikia. Koki inayovuja, hii.
Swichi inayorusha cheche, usiiguse.
Na nyuma ya rafu, ufa,
urefu wa mtu, umezibwa kwa saruji mbichi mbichi
ya mkono usio wa fundi.
"Mwenye nyumba wa zamani nilimwambia mara tano.
Nikanunua mfuko mwenyewe." Risiti anayo:
dola sitini na saba.

Barua sikuitoa. Wala sikuichana,
nisijipambe: benki haipokei huruma.
Tulikalia ndoo zilizopinduliwa, tukimngoja fundi,
tukapiga hesabu mgongoni mwa bahasha ileile.
Toa sitini na saba. Desemba igawe mara nne.
Bado haikutosha. Tukairudia.

Kisha akauliza, macho kwenye boila,
"Hivi mtu huanzia wapi? Nami siku moja nataka kununua."

Riba, dhamana, kampuni,
zote zikapanga foleni ulimini mwangu.
Nikazimeza.
"Anzia huku chini," nikasema. "Uje na tochi."

Akacheka, pumzi ikamtoka kama moshi.
"Tochi ninayo."