Mkanda wa Pili

Tangu Jumatatu msumeno wetu ulikuwa unalia.
Si ule mlio wake wa kula mninga,
ambao Barabara ya Kumi na Tano yote imeuzoea
hata wakaacha kutugombeza.
Huu ulikuwa wa paka aliyefungiwa stoo,
na nyuma yake harufu ya mpira unaoungua.

Mhina hakuusikia.
Miaka kumi na tisa ya meza ile imemla masikio,
la kushoto kwanza, la kulia likafuata.
Alilaza kiganja juu ya chuma, akafumba macho
kama mkunga anayetafuta mtoto alikolalia,
kisha akaandika kwa chaki juu ya mlango wa mteja:
BERINGI. NA MIKANDA.
Nikafuta kwa msasa kabla mwenye mlango hajafika.

Tukachomoa waya ukutani.
Mhina huuvaa shingoni, plagi ikining'inia kifuani,
asije akatokea mjuaji akauchomeka.
Kabari ya mti kwenye meno, spana kwenye nati.
Inafunguka kinyume, na kila mara nasahau.
Ikakataa. Nikaitukana kwa Kibondei, ikakubali.

Tulipoilaza meza ubavu
tukakuta vumbi la mbao limeshikana na grisi,
limekuwa udongo, limekuwa kiota:
misumari, maganda ya karanga,
na penseli niliyomsingizia Kaniki mwaka juzi
mpaka akaacha kazi.
Kaniki, popote ulipo.

Mikanda yenyewe miwili.
Mmoja umepasuka tumboni, nyufa za kisigino cha kiangazi.
Wa pili mzima. Mzima kabisa, unang'aa tu ubavuni.
Nikapiga hesabu: beringi mbili, mkanda mmoja,
na ada ya Rukia haijalipwa.
Nikamwonyesha Mhina kidole kimoja.
Akanionyesha viwili.
Nikarudia kimoja.
Akarudia viwili, cha pili kikiwa nusu,
maana nusu yake aliiacha hapa hapa, mwaka wa kwanza.

Mgandini, kwa Bi Mwanakombo wa vipuri vya mashine za kusaga,
namba ilikuwa imefutika mgongoni mwa mkanda,
akaupima kwa utepe wa fundi cherehani.
"Mmoja tu," nikasema.
"Siuzi mmoja. Huo wako umeshanyooka.
Mpya utavuta, mkuukuu utasindikiza,
na mwezi hauishi utarudi kunilaumu."
Nikalipa jozi. Chenji ilitosha maandazi mawili.

Beringi ya zamani niliizungusha kidoleni,
ikasaga kama wali wenye mchanga.
Mpya huingizwa kwa kipande cha bomba,
unagonga pete ya ndani tu:
ukigonga ya nje umeiua kabla haijafanya kazi.
Puli tulizinyoosha kwa uzi, moja itazamane na mwenzake.
Mota ikashuka kwa uzito wake, mikanda ikakaza,
nikabonyeza kwa gumba, ikazama kidogo, ikarudi.

Waya ukashuka shingoni mwa Mhina.

Mimi nilisikia. Uvumi mmoja, wa chini,
kama nyuki walio mbali na wasio na ugomvi.
Lakini ningemwambiaje?
Yeye akatoa shilingi mia mbili mfukoni,
akaisimamisha kwa ukingo juu ya meza inayonguruma.
Ikasimama.
Akaitazama kama watu wengine wanavyosikiliza.

Ndipo umeme ukakatika, mtaa mzima.
Msumeno ukaendelea kwa mazoea, ukapunguza, ukanyamaza.
Sarafu bado imesimama.
Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuigusa.

Mkanda ule mzima nimeutundika msumarini, mlangoni.
Mhina akipita huucheka.
Utafaa, namwambia, naye ananisoma midomo.
Utafaa nini?
Sijui. Utafaa.