Deni la Boza Mbili

Kassamali alipohama Upanga
nilikuwa namdai hela, yeye ananidai muda.
Mwisho akanikabidhi tangi la kioo,
arobaini ndani, wekundu, urefu wa ukucha.
"Hawa hawaliwi," akasema. "Hutazamwa."
Mkude, utingo wangu, alicheka hadi akashika bampa.
Uduvi anaoujua yeye
hupimwa kwa kopo, hutiwa nazi.

Miaka kumi na moja nauza maji.
Lita elfu kumi, mpira begani, geti hadi geti,
Kimara, Kisukuru, Segerea.
Nikiulizwa, "Matamu hayo?"
ulimi hunitangulia: "Asali, mama."
Basi siku ya tatu, tangi limepungua vidole viwili,
nikajaza.
Nikajaza kwa maji yangu.

Asubuhi walikuwa wamelala ubavu,
weupe, kama waliochemshwa.
Thelathini na mmoja. Niliwatoa kwa kijiko.
Zamoyoni hakusema neno,
alileta kijiko cha pili.

"Ulipima?" Kassamali akauliza kwenye simu.
Kupima nini? Maji ni maji.
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

Nikanunua Kariakoo kalamu isiyoandika:
unaichovya, inakusomea.
Kisima ninachojazia boza: elfu moja na mia tisa.
Mvua ya vuli, bati likishaachwa lioge kwanza: kumi na mbili.
Ya bomba ina dawa,
ilale ndoo wazi siku mbili, harufu iondoke.
Na mvua tupu nayo hapana, haina mfupa;
uduvi akijivua gamba
hapati jingine la kuvaa.
Vikombe tisa vya mvua, kimoja cha kisima.
Mia mbili. Hapo wanatembea.

Sasa naokota majani ya mkungu nje ya zahanati,
yale makavu, yaliyodondoka yenyewe.
Mlinzi ananiuliza ni dawa ya nini.
Maji yanageuka chai ya rangi
na wao wanakaa juu ya jani siku nzima, wanachokoa,
kama watu waliopewa kazi.
Maji mapya hayamwagwi: yanapita mpira wa dripu,
tone,
tone,
mimi niliyezoea kufungua koki ya nchi tatu.
Dawa ya mbu imepigwa marufuku chumba kile.
Tunalala ndani ya neti, mbu wakisoma risala.

*Maji baridi*, ndivyo tunavyoyaita yasiyo ya chumvi.
Aliyeyapa jina hilo hakuwahi kulala Kisukuru
mwezi wa pili, umeme umekatika,
akibisha kwa jirani saa nane usiku
kuazima chupa ya barafu kwa ajili ya wadudu tisa.
Jirani alitoa mbili.
Hakuuliza. Amekwisha kuniweka fungu langu.

Jumanne, Segerea, geti la bluu.
Mama wa pale ananifungulia tangu boza likiwa jipya.
"Matamu?" akauliza,
kama mtu anavyosema hodi akiwa ameshaingia.
Nikatafuta ile asali. Haikuja.
Nikaona kijiko.
"Ya kufulia," nikasema. "Ya kuogea, sawa.
Ya kunywa, mama, hapana."
Mkude akaangusha mpira.
Mama akaniangalia, akajifunga kanga vizuri.
"Najua," akasema. "Mwaka wa sita huu najua.
Nilikuwa nasubiri utaacha lini.
Haya, jaza. Nguo zimelala."

Nilirudi nimechelewa, shati limelowa.
Zamoyoni alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo
na tochi ya simu, mkono mdomoni.
Yule jike aliyebeba mayai chini ya tumbo
akiyapepea wiki ya nne sasa,
tumbo tupu.
Na juu ya jani la mkungu, kitu kama vumbi,
ila vumbi lenye macho.
Nikaanza kuhesabu.
Nikafika kumi na nne, mmoja akaruka,
nikaanza upya.